Kwa nini gesi ya Mtwara haijazwi kwenye mitungi yetu ya kupikia?

MamaLishe_Chuno aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mama lishe hapa Mtwara mjini, na huu ni mwaka wa kumi na moja nikiwa katika kazi hii. Miaka ya mwanzo nilipikia mkaa. Baadaye nikahamia gesi, kwanza kwa sababu ya kifua, pili kwa sababu wateja wa alfajiri hawasubiri mkaa ushike. Leo natumia mtungi wa kilo 15 ambao, ukiwa ni msimu wa kuchemsha maharage mengi, haunifikishi hata wiki mbili.

Jambo linalonisumbua ni hili. Kila ninapokwenda kumsalimu shangazi yangu upande wa Madimba, napita karibu na mitambo ya kuchakata gesi, na najua kwamba bomba linaloanzia pale limefika Dar es Salaam tangu mwaka 2015. Lakini nikienda dukani kununua mtungi, muuzaji ananiambia kwamba gesi iliyomo imeletwa nchini kwa meli, ikajazwa huko bandarini, kisha ikaletwa huku kwa lori. Yaani gesi ya kwetu inakwenda kaskazini kwa bomba, gesi ya ugenini inakuja kusini kwa lori, na nauli ya lori nailipa mimi. Jirani yangu ana maelezo yake: anasema ni gesi ile ile, inapelekwa Dar es Salaam, inatiwa kwenye mitungi, mitungi inapakwa rangi, halafu tunauziwa wenyewe.

Sisi wa huku tulioyaona ya Januari na Mei 2013, watu walipoandamana wakisema gesi haitoki, swali kama hili huwa tunaliuliza kwa sauti ya juu. Mimi naliuliza kwa upole, ila nataka jibu lililonyooka. Je, gesi ya Madimba na gesi ya mtungini ni kitu kimoja? Na kama si kimoja, kuna kizuizi gani cha kuitia hiyo ya Madimba kwenye mtungi? Anayejua anieleze kwa hesabu ikibidi. Hesabu ya wali wa watu mia naiweza, na hii nitaifuata.

FundiMkongwe alijibu:

Dada wa Chuno, nimefanya kazi kwenye mitambo ya gesi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na swali lako nimeulizwa hata na ndugu zangu wa damu. Jirani yako amekosea, ila kosa lake lina chanzo, nacho ni lugha. Neno «gesi» tunalitumia kwa vitu viwili vilivyo mbalimbali kabisa, na hata baadhi ya wanaotusomea habari redioni huvichanganya.

Inayotoka kwenye visima vya Mnazi Bay, huko huko Mtwara, na kusafishwa Madimba ni gesi asilia, na karibu yote ni methani. Ile ya Songo Songo, wilayani Kilwa, ina methani kwa asilimia 97 hivi, na ya Mnazi Bay haiko mbali na hapo. Iliyomo kwenye mtungi wako ni mchanganyiko wa propani na butani, unaojulikana kibiashara kwa kifupi cha LPG. Mchanganyiko huo hupatikana kwa njia mbili: ama hutengwa kutoka kwenye visima ambavyo gesi yake ni nzito, ama hutoka kama zao mojawapo la kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi. Visima vya namna hiyo sisi hatujavipata, na kiwanda cha kusafisha mafuta tulichokuwa nacho Kigamboni, TIPER, kilifungwa zamani. Wenzetu wa Kenya nao walisimamisha cha kwao cha Changamwe mwaka 2013. Kwa hiyo mtungi wa Mtwara, wa Mwanza na wa Nairobi, yote inasubiri meli, na bei yake hupanda na kushuka kwa kufuata soko la dunia, ambako bei inayotangazwa kila mwezi na Saudi Arabia ndiyo inayotazamwa zaidi.

Sasa nije kwenye kizuizi. Mtungi wako ukiwa nusu, uinamishe kidogo na kuutikisa. Utasikia kitu kinachezacheza ndani kama maji. Hicho ni kimiminika. Butani huchemka kwenye nyuzi joto karibu na sifuri, na propani kwenye nyuzi −42, kwa hiyo hata katika joto la Mtwara zinakubali kuwa kimiminika zikibanwa kwa mgandamizo usiozidi mara kumi hivi ya ule wa hewa tunayoivuta. Zikishakuwa kimiminika, ujazo wake hupungua kama mara 250. Ndiyo maana chombo cha chuma chembamba, ambacho kijana anaweza kukibeba begani, kinatosha kubeba moto wa siku kumi na zaidi. Unapofungua koki, kimiminika kinachemka chenyewe polepole na kutoa gesi. Na ndiyo sababu mtungi unaotumika kwa nguvu hupata ubaridi na kutoa jasho kwa nje.

Methani haikubali mambo hayo. Ikiwa na joto la juu kuliko nyuzi −82 hivi, hata uibane kwa mtambo wa namna gani, haigeuki kuwa kimiminika. Itabaki gesi iliyobanwa tu. Ukitaka iwe kimiminika na ikae katika mgandamizo wa kawaida, lazima uipoze mpaka nyuzi −162.

Umesema utaifuata hesabu, basi tuifanye kwa mtungi wako huo huo. Mtungi wa kilo 15 una nafasi ya lita 35 hivi ndani. Tuseme tumeutoa propani na butani yote, tukautia gesi ya Madimba kwa mgandamizo ule ule wa mara kumi. Lita 35 mara kumi ni lita 350 za gesi. Lita moja ya methani katika hali ya kawaida ina uzito wa gramu 0.66 hivi, kwa hiyo ndani ya mtungi mzima utakuwa umepata gramu 230, yaani haifiki hata robo kilo. Jiko kubwa la mama lishe lingeimaliza kabla saa moja haijatimia, na ungekuwa umelipia usafiri wa chuma kitupu.

Zinabaki njia tatu za kuipeleka methani mahali. Ya kwanza ni kuishindilia kwa mgandamizo wa mara 200 na zaidi, kama wafanyavyo wenye magari. Mtungi wake ni wa aina nyingine kabisa na una ukuta mnene. Ya pili ni kuisindika kwa ubaridi wa nyuzi −162, ambapo ujazo wake hupungua kama mara 600. Huo ndio mradi unaozungumzwa kwa miaka mingi pale Likong'o, Lindi, ambao makubaliano yake ya awali yalisainiwa Juni 2022, na umekusudiwa meli za kusafirisha nje, kwa sababu chombo cha kuhifadhia kimiminika cha ubaridi huo hakiwezi kuwa mtungi wa kuweka chini ya meza ya jikoni. Ya tatu ni bomba, na bomba ndiyo njia yake ya kufika jikoni duniani kote. Shirika letu la mafuta la taifa, TPDC, limekwisha kuunganisha baadhi ya nyumba na taasisi Mtwara, Lindi, Dar es Salaam na Mkuranga kwa njia hiyo, ingawa kwa mwendo ambao mimi binafsi nauona wa kobe.

Kwa kuwa umetaja nauli ya lori, nikuambie pia jinsi ya kulinganisha bei: mtungi wako wa kilo 15 una joto linalolingana na mita za ujazo 19 hivi za gesi asilia. Ukiwahi kuunganishwa na bomba, usilinganishe bei ya mita moja na bei ya kilo moja, bali zidisha bei ya mita moja kwa 19 ndipo uilinganishe na bei ya mtungi mzima.

Mzawa_Ligula alijibu:

Maelezo ya fundi ni mazuri, lakini kuna jambo ameliruka. Qatar wana gesi asilia kama sisi, na wanauza nje LPG kwa wingi. Kama gesi asilia haina propani, wao wanaitoa wapi? Tumeambiwa nchi hii ina futi za ujazo trilioni 57.54 za gesi. Katika kiasi chote hicho haipatikani ya kujaza mitungi ya mikoa miwili tu? Mimi siamini kwamba tatizo ni kemia. Naamini kwamba aliyepanga matumizi ya gesi hii hakuwa na jiko akilini mwake.

Mwalimu_Kemia_Lindi alijibu:

Ndugu yangu wa Ligula, katika hoja zako mbili moja nitaipinga na nyingine nitaiunga mkono. Nianze na ile ya Qatar.

Gesi asilia ni nishati ya visukuku, kwa maana kwamba imetokana na viumbe waliokufa zamani mno, hasa vile vijidudu na vijimea vidogo vya baharini, ambavyo vilizama, vikafunikwa na tope, na tope likafunikwa na tope jingine kwa mamilioni ya miaka mpaka likawa mwamba. Kadiri mwamba huo unavyozama ndivyo unavyopata joto, na joto hilo hupika mabaki yaliyomo. Dada aliyeuliza ni mpishi, kwa hiyo nitatumia sufuria yake. Mabaki yakipikwa kwa joto la kadiri, tuseme kati ya nyuzi 60 na 120, hutoka mafuta, ambayo ni molekuli ndefu zenye atomu nyingi za kaboni. Yakiendelea kupikwa kwa joto la juu zaidi, molekuli ndefu hukatika na kuwa fupi: butani yenye kaboni nne, propani yenye tatu, ethani yenye mbili. Sufuria ikiachwa motoni zaidi ya hapo, zote hukatika mpaka inabaki methani, yenye kaboni moja, ambayo haina tena pa kukatika. Ni kama mchuzi uliosahauliwa jikoni ukakauka, na bahati nzuri ni kwamba wataalamu wenyewe huiita gesi ya namna hii «gesi kavu».

Ya Qatar ni gesi ya mchuzi. Katika lile eneo lao kubwa la baharini, lililogunduliwa mwaka 1971, methani hutoka pamoja na propani, butani na hata mafuta mepesi, na wao huvitenga kabla ya kusindika methani kwa ajili ya meli. Ya kwetu, tangu ile ya Songo Songo iliyogunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay iliyogunduliwa mwaka 1982, ni kavu. Sehemu kubwa ya hizo trilioni 57.54, yaani kama 47, iko kwenye kina kirefu cha bahari, na ni kavu vile vile. Ukijenga mtambo wa kutenga propani Madimba, utakuwa umeweka ungo wa kuchekecha pumba kwenye unga uliokwisha kuchekechwa.

Hoja yako ya pili, kwamba mpangaji hakuwa na jiko akilini, siwezi kuipinga. Gesi ya Songo Songo ilipoanza kuzalishwa mwaka 2004, bomba la kilomita 232 lilijengwa kuifikisha Ubungo kwa ajili ya kufua umeme, na viwanda vikafuata, kile cha saruji cha Wazo kikiwa miongoni mwa vya kwanza. Bomba la Mtwara la mwaka 2015 nalo, lenye uwezo wa kupitisha futi za ujazo milioni 784 kwa siku, lilisukumwa na shida ya mgawo wa umeme, na mwisho wake ni kwenye mitambo ya umeme ya Kinyerezi, Dar es Salaam. Ilikuwa na mantiki yake, kwa kuwa tulikuwa tunachoma dizeli na mafuta mazito ya kuagiza kwa bei ya kutisha, na mteja mmoja wa megawati 150 ni rahisi kumhudumia kuliko majiko laki moja yaliyotawanyika. Lakini matokeo yake ni kwamba bomba limepita mbele ya vijiji vingi vya Lindi, Rufiji na Mkuranga bila kutoa hata tawi, na mama wa vijijini hapo bado anakata mti. Sasa ambapo Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 limeanza kubeba mzigo mkubwa wa umeme, hoja ya kwamba gesi yote inahitajika kwenye mitambo ya umeme imepungua nguvu, na mimi ningependa kusikia wakubwa wakieleza kiasi gani kitakwenda majumbani.

Niongeze jambo moja kwa sababu wanafunzi wangu huniuliza. Kutoka ardhini kwetu hakuiondolei methani sifa ya kuwa kisukuku. Ikiungua hutoa hewa ya ukaa, pungufu sana ya ile ya makaa ya mawe kwa joto lile lile, yaani karibu asilimia 60 tu ya hiyo, na ukiingiza ubora wa mitambo ya kufua umeme hushuka kufikia nusu. Lakini ikivuja bila kuungua, methani yenyewe huongeza joto la dunia kwa zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa katika miaka ishirini ya kwanza. Kwa hiyo mtandao wa mabomba ya majumbani utakaojengwa kwa haraka na kuvuja kwenye kila kiungo utakuwa umekula sehemu kubwa ya faida yake.

Dereva_Ubungo alijibu:

Salaam kwa wote. Mimi si mtaalamu, ila nina gari dogo la biashara linalotumia gesi asilia iliyoshindiliwa, na kuna kosa nililotaka kulifanya ambalo huenda likamsaidia dada wa Chuno.

Nilibadilisha mfumo wa gari wakati petroli ilipopita shilingi 3,000 kwa lita. Gesi nimekuwa nikiinunua kwa shilingi 1,550 kwa kilo, na kilo moja ina nguvu ya lita moja na nusu hivi ya petroli, kwa hiyo hesabu inajieleza. Adha yake ni foleni. Kwa muda mrefu vituo vilikuwa vichache mno, na nimewahi kulala ndani ya gari nikisubiri zamu yangu ya kujaza, kisha asubuhi nikaambiwa mgandamizo umeshuka, nikapewa nusu ya kiasi nilichokitaka. Siku hizi vituo vimeongezeka na hali ina nafuu, ingawa siku ya Jumatatu asubuhi bado naiogopa.

Nilipoona bei hiyo nikapata wazo ambalo nililiona la kishujaa: nijaze gesi kwenye mtungi wa pili, niupeleke nyumbani, mke wangu aache kununua mtungi wa dukani. Nikamwendea fundi aliyenifungia mfumo, nikamweleza. Alinitazama kwa muda, akanionyesha mtungi kama wa gari langu uliokuwa bado haujafungwa, akaniambia niunyanyue. Una lita 60, na mtupu tu unakaribia kilo 60. Akaniambia kwamba gesi iliyomo humo imebanwa mara 200, na kwamba regulata ya jiko la nyumbani haikutengenezwa kukutana na mgandamizo wa namna hiyo. Ingekuwa kama kuziba bomba la zimamoto kwa kizibo cha chupa ya soda. Kisha akaniambia kwamba hata nikipata mashine ya kupunguza mgandamizo, ndani ya mtungi wote huo mzito mna kilo tisa tu za gesi. Wazo langu nililiacha pale pale gereji.

Kwa hiyo dada, ukimsikia mtu hapo Mtwara akikwambia atakuletea «gesi asilia ya mtungi» kwa bei nafuu ya jikoni, na mtungi wenyewe ni huu wetu wa kawaida, usimkabidhi fedha wala usimruhusu aingie jikoni.

MamaLishe_Chuno alijibu:

Nawashukuru wote. Mzee FundiMkongwe, shikamoo. Gramu 230 nimezielewa kuliko maelezo yoyote niliyowahi kupewa, na jirani yangu nimemsomea kwa sauti. Amekaa kimya, ambalo kwake ni jambo kubwa. Mwalimu, mchuzi uliokauka nao nimeuelewa, kwa kuwa nimewahi kuukausha.

Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza, mtaa ulio jirani nasi una nyumba chache zilizounganishwa na bomba. Ikitokea tukaunganishwa na sisi, jiko langu hili la plate mbili nitaendelea kulitumia au nitalazimika kununua jingine? La pili ni la usalama. Mtungi naweza kuufunga koki na kuutoa nje usiku. Bomba nitalitoa wapi?

FundiMkongwe alijibu:

Marahaba, dada. Nitaanza na jiko.

Usilichomeke kwenye bomba kama lilivyo. Kwa ujazo ule ule, propani na butani zina joto zaidi ya mara mbili ya methani, kwa hiyo kile kitundu kidogo kilicho chini ya kila plate, ambacho mafundi wengi hukiita nozeli, kimetobolewa chembamba kwa ajili ya gesi ya mtungi. Ukipitisha methani hapo utapata moto mdogo, dhaifu, unaoruka na kuzimika, na maharage yako hayataiva mpaka wateja wahame. Kinachofanyika ni kubadilisha nozeli na kuweka yenye tundu pana zaidi, kurekebisha njia ya hewa, na kuondoa regulata ya mtungi, kwa sababu mgandamizo wa bomba la nyumbani ni mdogo kuliko ule wa mtungi baada ya regulata. Majiko mengi mazuri huuzwa na nozeli za aina zote mbili ndani ya boksi. Tazama kama boksi lako bado unalo. Kazi yenyewe ni ya nusu saa, lakini afanye fundi aliyeletwa na wenye bomba. Kinyume chake ndicho cha hatari zaidi: jiko lililotobolewa kwa ajili ya bomba, ukilifunga kwenye mtungi, litatoa moto mkubwa wenye masizi mpaka kwenye dari. Ukiuziwa jiko la mitumba, uliza lilikuwa likitumia nini.

Kuhusu usalama, methani kwa jambo moja ina nafuu. Uzito wake ni kama nusu ya uzito wa hewa, kwa hiyo ikivuja hupanda juu na kutoka kwenye tundu za hewa zilizo karibu na dari. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, kati ya mara moja na nusu na mara mbili. Ikivuja hushuka na kutambaa sakafuni, ikajaa kwenye mashimo na chini ya vitanda, ikasubiri cheche. Ndiyo maana jiko la mtungi huhitaji tundu la hewa chini ya ukuta, na jiko la bomba huhitaji tundu hilo juu. Banda lako likiwa na tundu za aina moja tu, ongeza nyingine kabla hujaunganishwa. Zote mbili kwa asili hazina harufu. Ile harufu kali ya yai viza hutiwa makusudi ili pua ikusaidie. Ukiisikia, usiwashe wala kuzima taa, usipige simu ukiwa ndani. Funga koki, fungua milango, toka nje.

Na bomba halikosi koki. Litakuwa na moja nje ya nyumba karibu na mita, na nyingine jikoni karibu na jiko. Zoea kufunga ya jikoni kila usiku kama unavyofunga mtungi sasa, na ukisafiri funga ya nje.

Mwalimu_Kemia_Lindi alijibu:

Nina nyongeza fupi kwa dada. Wakati unasubiri bomba, maharage na makande yahamishie kwenye jiko la umeme la presha, kwa kuwa hayo ndiyo yanayokula mtungi wako. Sufuria ya kawaida ikiwa juu ya moto wa gesi hupoteza karibu nusu ya joto pembeni, lakini chungu cha presha kilichofunikwa kwa kizuizi cha joto hakipotezi kiasi hicho, na hupunguza muda wa kuchemsha. Chapati na samaki wa kukaanga viache kwenye gesi, maana huko jiko hilo la presha halikufikishi.

MamaLishe_Chuno alijibu:

Mwalimu, hilo la presha nitalijaribu kwa maharage kwanza. Makande ya wateja wangu yana masharti yao.

Boksi la jiko nimelipata juu ya kabati la mama mkwe, na kweli ndani kulikuwa na kijifuko chenye nozeli mbili za shaba ambazo siku zote nilidhani ni vipuri vya kitu kingine. Tumekubaliana wapishi tisa wa hapa sokoni tuandike majina na mahali kila mmoja alipo, twende pamoja kwenye ofisi ya TPDC kuuliza tawi la bomba linaweza kufika hapa lini, maana kutokana na maneno ya mwalimu kuhusu majiko yaliyotawanyika nimeelewa kwamba tawi moja huwafaa watu wengi waliokaa karibu kuliko mtu mmoja aliye mbali. Swali la mwalimu, la kiasi gani kitakwenda majumbani, nimeliandika namba moja kwenye karatasi. Kwa leo mtungi umekwisha, na kijana nimemtuma dukani.